Nyumba Inataka Mtu wa Kuitwa

Nilianza kusimamia nyumba za watu kwa ombi la ndugu. Binamu wa mama yangu, anayeishi Muscat tangu ujana wake, alikuwa na nyumba Magomeni, Dar es Salaam, aliyoachiwa na babake: nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, na uani jiko, bafu na choo cha kushirikiana. Kila chumba kilikuwa na mpangaji wake. Kabla yangu nyumba hiyo iliangaliwa na ndugu kwa zamu, na kila zamu iliisha kwa maneno. Kodi ilikusanywa, hilo hakuna aliyelikana. Ila mara ilimalizia msiba, mara ilimpeleka mtoto shule, mara ilikopeshwa kwa mtu aliyeapa kuirudisha mwisho wa mwezi. Paa lilikuwa linavuja, na mwenye nyumba, kwa kuchelea kuvunja ukoo, hakuweza kuuliza.

Alinipigia simu akaniambia anataka niiangalie nyumba ile, na kwamba atanilipa. Nikamjibu, "Mama, mimi si mtoto wako? Nitakuangalizia tu."

"Ndiyo maana nataka kukulipa, mwanangu," akasema. "Nikikulipa nitakuwa na haki ya kukuuliza."

Tangu siku hiyo sijasimamia nyumba ya mtu bila malipo, hata awe ndugu wa tumbo moja. Malipo yanamfungua mdomo mwenye mali. Anaweza kuuliza kwa nini chumba cha nne kimechelewa, kwa nini fundi kalipwa kiasi kile, risiti iko wapi, na akauliza bila kuonekana anamtuhumu mtu wa damu yake. Nami ninapojibu kwa karatasi, sijavunjiwa heshima. Wenye nyumba walionijia baadaye walikuwa na shida ileile kwa sura tofauti: mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Mwanza akaacha nyumba yake Kinyerezi, mwalimu mstaafu aliyerudi kwao Moshi akapangisha nyumba yake ya Tabata, watoto wa marehemu waliorithi nyumba moja Mikocheni na hawakuelewana ni nani kati yao ashike funguo. Wote walikuwa wameshajaribu ndugu, rafiki, au dalali. Wote walitaka mtu wanayeweza kumuuliza hesabu.

Hesabu yenyewe nilifundishwa na mjomba wangu. Alikuwa karani kwa Msajili wa Majumba, ofisi iliyopewa majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971, pale serikali ilipochukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, lakini mjomba hakuacha tabia za ofisini hadi uzee wake. Nilipomwambia nimepewa nyumba ya Magomeni, hakuniuliza kodi ni kiasi gani. Aliniuliza jalada liko wapi. Jalada halikuwapo. Akanituma nikanunue faili gumu, tukakaa naye barazani jioni nzima tukiandika kila kitu kilichojulikana kuhusu nyumba ile: nani yuko chumba gani, aliingia lini, analipa kiasi gani na kwa miezi mingapi, namba ya mita ya umeme, namba ya akaunti ya maji, bati liliezekwa mwaka gani, shimo la choo lilinyonywa lini mara ya mwisho, fundi bomba wa karibu ni nani, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni nani.

Nusu ya maswali hayakuwa na majibu. Ilinibidi nirudi Magomeni kuyatafuta kwa wapangaji wenyewe, na katika kuyatafuta ndipo nilipowajua. Mjomba alikuwa ameshaniambia kwamba jalada si la kumlinda mwenye nyumba peke yake. Mpangaji aliyelipa miezi mitatu akaandikiwa stakabadhi, hata mwenye nyumba akifa kesho na warithi wakaja na madai yao, ana karatasi ya kuonyesha. Kwa Dar es Salaam hilo si jambo dogo. Nyumba nyingi hapa hubadilisha mikono kwa msiba.

Watu humchanganya msimamizi na dalali, na tofauti yao ni kubwa kuliko inavyoonekana. Dalali humtafutia mwenye nyumba mpangaji, na desturi yetu ni kwamba mpangaji humlipa kodi ya mwezi mmoja kwa kazi hiyo. Funguo zikishakabidhiwa, dalali amemaliza, na kwa msimamizi ndiyo kwanza panakucha. Sisemi hivi kuwadharau madalali. Wanaujua mji, na nimewatumia na nitaendelea kuwatumia. Lakini riziki ya dalali iko pale mpangaji anapohama na mwingine kuingia. Riziki yangu iko pale mpangaji mwema anapokaa. Mwenye nyumba anayemwachia dalali nyumba yake aiangalie mwaka mzima amempa kazi ambayo kipato chake kinaenda kinyume nayo.

Wanaonung'unikia ada ya msimamizi mimi huwafanyia hesabu hii. Nyumba ya Tabata ilipangishwa kwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Ada yangu ilikuwa asilimia 10, yaani 40,000. Nyumba kama hiyo ikikaa tupu miezi miwili, mwenyewe amepoteza 800,000, sawa na ada yangu ya miezi ishirini. Bado hujaweka rangi mpya, kitasa kilichong'olewa, na mlinzi wa kulala humo ili isivunjwe. Kwa hiyo mpangaji anayelipa kwa wakati na kutunza nyumba, akiomba feni ya darini au wavu wa mbu madirishani, apewe. Nimewashawishi wenye nyumba wasipandishe kodi kwa mpangaji wa aina hiyo hata pale majirani walipopandisha, na baada ya miaka kadhaa vitabu vyao vilionyesha faida.

Kuchagua mpangaji ni sehemu ya kazi inayotaka utu kuliko sheria. Kwa kuwa wengi wetu tunadai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, mwenye nyumba huona kwamba mwenye fedha mkononi ndiye mpangaji bora. Fedha ya mkupuo hueleza jambo moja tu: kwamba leo anayo. Mimi huuliza anakotoka, kwa nini anahama, anafanya kazi gani na wapi, watakuwa watu wangapi ndani. Humpigia simu mwenye nyumba wake wa zamani. Humwomba barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakotoka na kumpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa anakoingia. Kisha huzunguka naye nyumba nzima kabla hajaweka kitanda, tukiandika pamoja: kioo hiki kina ufa, bomba hili linadondosha, mlango huu haufungi sawasawa. Tunapiga picha, tunasaini wote wawili. Siku ya kuhama tunaufungua ukurasa huohuo, na sijaona ugomvi mkubwa wa mwisho wa mkataba pale ukurasa huo ulipokuwapo.

Baada ya hapo kazi inakuwa ya nyumba yenyewe, na nyumba za pwani hazisubiri. Chumvi hupanda ukutani kutoka chini, rangi ikavimba, lipu ikabanduka vipande. Misumari ya bati hula kutu, tundu likafunguka dogo kama jicho la sindano, na maji ya masika yakalifuata mpaka kwenye kenchi. Mchwa huingia kwenye fremu za milango kimyakimya. Shimo la choo hujaa wakati wa mvua kwa sababu ardhi nayo imejaa. Mambo yote haya yana bei mbili: bei ya Februari, kabla mvua za masika hazijaanza, na bei ya Aprili, mafundi wakiwa wanagombewa mji mzima.

Yule mwalimu wa Tabata alikuwa mwangalifu wa fedha, kama watu wengi waliojenga kidogokidogo kwa mshahara. Mwaka wa kwanza nilimwandikia kwamba kofia ya bati imeachia na gata limeziba, akajibu tusubiri kodi ijayo. Nikampelekea picha za paa, picha za dari ambako alama ya maji ilikuwa imeshaanza kuonekana kwenye kona, na makadirio mawili ya fundi: la kurekebisha sasa, na la kubadilisha dari ya jipsamu vyumba viwili ikishalowa. Alinipigia jioni hiyohiyo. Tukakubaliana jambo ambalo tangu hapo naliweka katika kila mkataba wangu na mwenye nyumba: kuna kiwango cha fedha ninachoweza kutumia kwa ukarabati bila kuomba ruhusa, na juu ya hapo lazima niulize na kuleta makadirio. Bila kiwango hicho, bomba likipasuka usiku mwenyewe akiwa safarini, maji yatamwagika hadi atakaposhuka kwenye basi.

Kuna mambo yanayoonekana madogo ambayo ndiyo huvunja nyumba. La kwanza ni umeme. Katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya LUKU, ile ya umeme wa kununua kabla ya kutumia, kila mmoja anaamini anamchangia mwenzake. Mwenye friji anasema halitumii sana, mwenye pasi anasema hupiga nguo mara moja kwa wiki, na bibi wa chumba cha mwisho mwenye taa moja tu anauliza kwa nini achange sawa na kijana mwenye redio kubwa. Magomeni tuliandika orodha ya vyombo vya kila chumba na mchango wake, tukaibandika koridoni. Mwenye nyumba alipopata nafuu, tukaweka mita ndogo kila mlango. Gharama yake ilikuwa ya haki, na makelele ya mwisho wa mwezi yakaisha.

Mwaka 2021 likaja la kodi ya majengo. Kuanzia Agosti mwaka huo ikawa inakatwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa. Mwaka 2023 viwango vikapanda kufikia 1,500 na 7,500. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini anayewajibika kwa kodi ya jengo ni mwenye nyumba. Katika korido zangu nikaanza kuona watu wakivizia nani atanunua umeme wa kwanza wa mwezi, kwa kuwa yeye ndiye anayekatwa. Shilingi 1,500 si fedha ya kugombania kwa mtu anayepokea kodi ya vyumba sita, lakini kwa anayenunua umeme wa 2,000 ni karibu yote. Nikawaandikia wenye nyumba wangu wote kwamba makato hayo yatarudishwa kwenye kodi ya pango kwa kila mpangaji anayeleta ujumbe wa ununuzi. Wawili walisita. Niliwaonyesha kwamba kwa mwaka ni shilingi 18,000, na kwamba mpangaji anayejua haki yake inalindwa kwenye kitu kidogo hatajificha kwenye kikubwa. Walikubali wote.

Nyumba ya Mikocheni ilipopangishwa na kampuni, kulikuwa na makaratasi ya aina nyingine. Kampuni hukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango, ikaipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) na kutoa hati ya makato. Wale ndugu warithi waliona fedha zimepungua wakadhani nimezimega. Nilikuwa na hati mkononi, nikawasomea mstari kwa mstari, nikamwachia kila mmoja nakala yake. Hati hiyo ndiyo ushahidi kwamba kodi ilishalipwa, na msimamizi asiyeifuatilia amemwacha tajiri wake bila kinga siku atakapoulizwa.

Siwezi kuandika haya bila kumtaja mama lishe wa chumba cha pili, Magomeni. Alikuwa akipika karibu na hosteli za wanafunzi Mabibo, analipa kila mwezi, hachelewi. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya corona, wateja wake walibeba mabegi wakaondoka ndani ya siku chache. Mwezi wa kwanza alilipa kutoka akiba, wa pili akaleta nusu, wa tatu akanifuata uani akiwa na khanga begani, akasema, "Dada, nisaidie kusema na mwenye nyumba. Mimi sina uso wa kumpigia." Na mwenye nyumba huko Muscat naye alikuwa amefungiwa ndani, biashara yake imesimama, akaniambia waziwazi kwamba anaitegemea kodi ile na kwamba kama mtu hawezi kulipa, ampishe mwingine.

Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Nilimpelekea mwenye nyumba kumbukumbu za malipo ya yule mama tangu nilipoishika nyumba hadi vyuo vilipofungwa, mwezi baada ya mwezi, bila pengo. Nikamuuliza nani atahamia chumba hicho katika wakati ule, na kwa kodi ya kiasi gani. Kisha nikamwendea mpangaji na karatasi: nusu ya kodi wakati vyuo vimefungwa, na nusu iliyobaki igawanywe kidogokidogo vikishafunguliwa. Wakasaini, mmoja uani Magomeni na mwingine kwa picha ya simu kutoka Muscat. Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni. Deni lilikwisha kabla ya mwaka kwisha, na mama yule yuko chumba cha pili hadi leo. Bila mtu wa kati, mmoja angenyamaza kwa aibu na mwingine angenyamaza kwa hasira, na kimya hicho kingeishia kwenye kufuli mlangoni.

Kufuli mlangoni ndicho kitu ninachokikataa kabisa. Nimeombwa mara nyingi na wenye nyumba nimfungie mtu mlango, nimtolee vyombo nje, nimkatie maji. Zamani tulikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, ambayo ilifutwa mwaka 2005. Wako waliodhani kuondoka kwake kumempa mwenye nyumba ruhusa ya kufanya atakavyo. Matokeo yake ni kinyume chake: mkataba umekuwa na uzito zaidi, kwa kuwa ndani yake ndimo ilimo sehemu kubwa ya haki za pande zote mbili. Ukisema notisi ni ya mwezi mmoja, ni mwezi mmoja. Mgogoro ukishindikana kwa mazungumzo na kwa serikali ya mtaa, kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Njia hiyo ni ndefu, lakini mwenye nyumba aliyetoa notisi kwa maandishi na kutunza stakabadhi zake hufika akiwa na kitu cha kuonyesha. Aliyetoa godoro la mtu barabarani hufika akiwa mshtakiwa. Ninawaambia hivyo kabla hatujasaini mkataba wetu, na asiyekubali namtakia heri.

Kwa hiyo anayetaka kumwajiri msimamizi, namshauri atazame mambo haya. Kodi iingie kwenye akaunti ya benki au namba ya malipo inayojulikana na mwenye nyumba, isipite mfukoni mwa mtu. Taarifa ije kila mwezi hata kama hakuna jipya, ikionyesha kilichoingia, kilichotoka, na picha ya kilichotengenezwa. Ada ya msimamizi iwe ni ile iliyoandikwa tu: asichukue chochote kwa fundi wala kwa mpangaji, kwa sababu siku atakapochukua kwa fundi, bei ya kila kitasa itapanda. Aende kwenye nyumba, aonekane, wapangaji wamjue kwa jina na sura. Na mwenye nyumba naye akubali kusikia. Nimewahi kuacha nyumba nzuri kwa sababu mwenyewe alitaka kodi bila kuambiwa habari za choo. Msimamizi hawezi kumtunzia mtu mali ambayo mwenyewe amekataa kuitunza.

Mji wetu umejaa nyumba ambazo wenyewe hawalali ndani yake. Zimejengwa kwa mishahara, kwa viinua mgongo, kwa fedha zinazotumwa kutoka Oman, Uingereza na Marekani, na watu wanaoishi ndani yake ni wauguzi, makondakta, wanafunzi na wazee waliokwisha kulea. Hawa wanalipa ili wapate pa kulala kwa amani, na wale wamejenga ili wapate pa kutegemea uzeeni. Mahitaji hayo mawili hayagombani, ila yanahitaji mtu anayepokea simu, anayeandika, anayesema ukweli kwa pande zote mbili na kurudi kesho yake kuangalia kama kilichoahidiwa kimefanyika.

Unayejenga ukiwa mbali, weka ada ya msimamizi kwenye hesabu zako tangu siku unayopiga hesabu ya bati na nondo, usingoje paa lianze kuvuja. Nawe unayepanga, kabla hujatoa kodi ya miezi sita, uliza jambo moja na utake liandikwe kwenye mkataba: bomba likipasuka usiku, nimpigie nani?